Naipenda habasoda, ndiyo maana nataka ipimwe

Daftari lenyewe ni la shule, la kurasa 64, jalada limeshaanza kuchanika. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na kuandika namba ndiyo njia yangu ya kutuliza moyo. Kila ukurasa una tarehe, na chini ya tarehe namba tatu: nimekwenda chooni mara ngapi, mara ngapi niliona damu, usiku nimeamka mara ngapi. Nililianza siku niliyoambiwa nina kolaitisi ya vidonda, ugonjwa ambao ukuta wa utumbo mpana unavimba, unachubuka na kutoka damu kwa sababu kinga ya mwili imeugeukia. Ukurasa wa kwanza umeandikwa 11, 9, 4.

Kufika hapo kulinichukua karibu mwaka mzima. Nilikuwa nimeshameza dozi tatu za dawa ya amiba, mbili za taifodi, nimepimwa kichocho, na kuna duka la dawa waliloniuzia dawa ya kupaka wakidhani ni bawasiri. Simlaumu aliyeanza na amiba. Huku kwetu anayeharisha damu, wa kwanza kushukiwa ni amiba, na ni haki yake kushukiwa. Lakini nilipoingizwa kamera na kuona kwenye skrini ule utumbo wangu mwekundu, unaotoka damu kwa kuguswa tu, nilielewa kwamba hakuna dozi ya siku tano itakayoumaliza huu ugonjwa. Daktari alinipa mesalazini, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo, ya kunywa kwa muda mrefu, na predinisoloni, dawa kali ya kushusha uvimbe haraka, ya kupunguza kidogo kidogo kwa wiki nane. Nikaanza zote mbili siku hiyo hiyo.

Mama mkubwa alikuja kutoka Pangani siku ya tisa. Baada ya salamu akafungua pochi yake, akatoa chupa ndogo ya kahawia iliyofungwa kwa mfuko wa nailoni na mpira wa kufungia hela. "Mwanangu, hizo za hospitali kunywa, sikukatazi. Lakini na hii unywe." Akamimina kijiko kimoja, juu yake asali, akasema bismillahi, akanishika kidevu kama mtoto. Mafuta ya habasoda, ile mbegu ndogo nyeusi, ukiyajua umeyajua: meusi yenye wekundu kwa mbali, harufu yake iko kati ya bizari nyembamba na pilipili manga, na yakishapita kooni yanapanda mpaka puani. Machozi yalinitoka. Akaniangalia akasema, "Hapo imeshafika."

Wiki ya pili nilikuwa mtu mwingine. Wiki ya nne nilirudi darasani. Majirani walikuja kuuliza jina la duka, na mimi nikawaambia kwa furaha, maana niliamini. Predinisoloni ilipokwisha nikatazama bei ya mesalazini, nikatazama chupa ya mama mkubwa, nikafanya uamuzi ambao hakuna mtu aliyenishauri: niliacha vidonge nikabaki na mafuta. Nilikaa vizuri wiki sita. Wiki ya saba daftari linasema 7, 3, 1. Siku nne baadaye linasema 14, 14, 6. Nililazwa, nikaongezwa damu chupa mbili.

Kitandani nilikuwa na daftari na muda mwingi. Nikarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, kama ninavyowaambia wanafunzi wafanye jibu likikataa. Siku ya kwanza 11, 9, 4. Siku ya tano 8, 5, 2. Siku ya tisa, ile ya mama mkubwa na kijiko chake, asubuhi kabla hajafika: 5, 2, 1. Nilikuwa nimeshashuka zaidi ya nusu kabla tone la kwanza la habasoda halijagusa ulimi wangu. Ile sifa niliyoitangaza mtaa mzima ilikuwa ya predinisoloni, au sehemu kubwa yake. Na yale majuma sita ya utulivu? Huenda yalikuwa mabaki ya dawa, huenda mafuta yalisaidia, huenda ugonjwa wenyewe ulipumzika, maana ndiyo tabia yake: unalala, unaamka. Daftari langu, pamoja na uangalifu wangu wote, haliwezi kunijibu. Mtu mmoja aliyekunywa vitu vitatu kwa pamoja hajapima kitu.

Hilo ndilo linalonifanya niandike. Kila wiki napokea ujumbe wa sauti kwenye simu, wa mtu anayesema habasoda imemponya utumbo. Naamini kwamba amepata nafuu. Ninachotaka kujua ni kama angepata nafuu ile ile bila hayo mafuta, na hilo yeye hawezi kulijua, wala mimi siwezi, wala daktari wake hawezi kwa kumtazama tu.

Kuna utafiti mmoja ninaourudia sana kwa sababu ni wa ugonjwa huu huu. Mwaka 1955 madaktari wawili wa Oxford, Truelove na Witts, walichapisha matokeo ya kuwajaribu wagonjwa 210 wa kolaitisi ya vidonda. Wakati huo kortisoni, dawa ya jamii moja na predinisoloni yangu, ilikuwa mpya, na watu walikuwa wakiisifu bila kuwa na uhakika. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa kortisoni, wengine kidonge kitupu kinachofanana nacho, na matunzo mengine yote yakawa sawa. Baada ya wiki sita, katika kila 100 waliopewa kortisoni, kama 41 walikuwa wametulia kabisa. Waliopewa kidonge kitupu, kama 16 katika kila 100.

Itazameni hiyo 16. Hao ni watu waliokuwa wakitoka damu, wakameza kidonge kisicho na kitu ndani, wakatulia. Kama wangepewa habasoda badala ya kidonge kitupu, wote 16 leo wangekuwa mashahidi wake, kila mmoja na ujumbe wake wa sauti, na hakuna ambaye angekuwa anadanganya. Wale 84 waliobaki wasingerekodi ujumbe wowote. Ndivyo umaarufu wa dawa unavyojengeka huku mtaani.

Lakini nisieleweke vibaya. Sisemi habasoda ni bure. Ndani ya mbegu zile kuna kiini kinachoitwa thaimokwinoni, na wanasayansi wamekishughulikia kwa miaka mingi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, panya waliunguzwa utumbo mpana kwa asidi ya asetiki, ile iliyomo kwenye siki, na wale waliokuwa wamepewa thaimokwinoni walikingika vizuri sana. Tafiti nyingine za panya zilizofuata zimeonyesha mwelekeo huo huo. Ni habari njema, na mtu anayezidharau hajazisoma. Ila zisomwe mpaka mwisho: yule panya alipewa dawa siku kadhaa kabla ya kuunguzwa. Mimi nilikuwa nimeshaungua. Na kidonda cha asidi hupona chenyewe asidi ikiondoka, wakati ugonjwa wangu unawashwa na mwili wangu mwenyewe, kila siku. Panya anatuambia kwamba jambo hili linafaa kufuatiliwa kwa binadamu, basi.

Na kufuatilia kwa binadamu kuna adabu yake. Wapo waliojifunza hilo kwa mafuta mengine, ya samaki. Mwaka 1996 huko Italia wagonjwa 78 wa ugonjwa wa Crohn, ndugu wa huu wangu, waligawanywa makundi mawili. Baada ya mwaka, waliokunywa vidonge vya mafuta ya samaki waliobaki salama walikuwa 59 katika kila 100, na wenye vidonge vitupu 26 tu. Ungekuwa wewe ni mgonjwa ungekimbilia dukani siku hiyo hiyo. Kisha mwaka 2008 zikachapishwa tafiti mbili kubwa zaidi, jumla wagonjwa zaidi ya 700, na tofauti ikayeyuka: katika mojawapo, waliougua tena walikuwa karibu 48 katika 100 upande mmoja na karibu 49 upande wa pili. Mafuta yale yale yaliyong'ara kwa watu 78 hayakuonyesha kitu kwa mamia. Nilipoisoma habari hiyo nilikaa kimya muda mrefu, maana mimi nilikuwa nimetangaza dawa kwa utafiti wa mtu mmoja.

Manjano yamekuwa na bahati zaidi. Huko Japani mwaka 2006 walipima kiini chake kwa wagonjwa 89 wa kolaitisi ya vidonda waliokuwa wametulia. Kwa miezi sita, kati ya waliohesabiwa mwishoni, katika kundi la manjano waliougua tena walikuwa 2 kati ya 43, na katika kundi la kidonge kitupu 8 kati ya 39. Hapa kuna jambo la kushika: wote waliendelea na dawa zao za kawaida. Hakuna aliyeambiwa aache mesalazini ili manjano yaonekane. Walitaka kujua kama manjano yanaongeza kitu juu ya dawa, na swali la namna hiyo linamlinda mgonjwa huku likitafuta jibu.

Japani hiyo hiyo imetupa fundisho jingine, la unga wa nili, dawa ya asili ya Kichina ambayo wagonjwa wa kolaitisi walikuwa wakiinunua wenyewe. Ilipopimwa kwa wagonjwa 86, ilionekana kweli inafanya kazi, na kwa nguvu. Lakini utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu mgonjwa mwingine, aliyekuwa akijinunulia nje ya utafiti, alipata shinikizo la juu la damu kwenye mishipa ya mapafu, ugonjwa unaoweza kuua. Kitu cha mmea kinachoweza kuponya ni kitu chenye nguvu, na chenye nguvu kinaweza kudhuru. Ninaposikia muuzaji akisema "hii ni ya asili, haina madhara," nataka kumuuliza: basi ina manufaa gani?

Najua kuna msomaji ameshakereka, kwa sababu kwetu pwani habasoda si mmea tu. Imo katika hadithi iliyopokewa na Abu Huraira na Bibi Aisha, kwamba ni ponyo la kila ugonjwa ila mauti. Mimi ni Muislamu, naipokea hadithi hiyo kwa moyo wote. Wanazuoni wa zamani, al-Khattabi akiwa mmoja wao, walieleza kwamba neno "kila" hapo ni la jumla lakini makusudio yake ni maalumu, kwa maradhi yanayoendana na tabia ya mbegu hiyo. Na ukiifuata riwaya ya Bibi Aisha utakuta Ibn Abi Atiq amemtembelea mgonjwa, anaagiza zichukuliwe punje tano au saba, zitwangwe, zichanganywe na mafuta, adondoshewe puani. Kuna idadi, kuna namna ya kutengeneza, kuna mahali pa kupitishia. Anayepima habasoda kwa ugonjwa fulani, kwa kiasi fulani, hajaitilia shaka hadithi. Anauliza ponyo hilo linafikaje kwenye utumbo huu uliovimba, na kwa kijiko kingapi.

Kwa sababu hata kijiko chenyewe hatukijui. Nenda madukani kwenye dawa za kisuna ununue chupa tatu za kampuni tatu. Moja itakuunguza koo, moja itapita kama mafuta ya kupikia, ya tatu itakuwa na harufu ya kuchina. Kiasi cha thaimokwinoni kinatofautiana sana kati ya mafuta na mafuta, kulingana na mbegu ilikotoka, ilivyokamuliwa na ilivyohifadhiwa, na mwanga na joto vinakiharibu. Sasa fikiria chupa ya plastiki nyeupe iliyoanikwa dirishani, Tanga, mwezi wa pili. Watu wawili wanaweza kusema "nilikunywa habasoda" wakawa wamekunywa vitu viwili tofauti.

Hata dawa yangu ya hospitali ilipitia huko. Daktari wa Sweden, Nanna Svartz, ndiye aliyeleta sulfasalazini, ambayo ni salfa iliyounganishwa na dawa ya jamii ya aspirini, jamii inayoanzia kwenye magome ya mti wa kizungu uitwao wilo. Aliikusudia kwa ugonjwa wa viungo, akaona wenye kolaitisi nao wanapata nafuu. Ilitumika kwa zaidi ya miaka 30 bila kujulikana ni nusu ipi inayoponya, mpaka mwaka 1977 Azad Khan, daktari kutoka Bangladesh aliyekuwa Oxford, na wenzake walipowapa wagonjwa kila nusu peke yake kwa njia ya haja kubwa. Nusu ya salfa haikufanya kitu cha maana. Nusu ya pili ndiyo ilikuwa dawa, na ndiyo mesalazini ninayomeza asubuhi. Habasoda nayo inadai swali hilo. Je, ni thaimokwinoni, ni mafuta mazito yaliyobaki, au ni vyote vikiwa pamoja?

Ningependa swali hilo lijibiwe hapa kwetu Tanzania. Tunayo Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili, iliyoanza kama kitengo mwaka 1974. Tunayo NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, inayosimamia pia maadili ya utafiti wa afya nchini. Sheria ya tiba asili na tiba mbadala ipo tangu mwaka 2002. Tuna mabingwa wa matumbo, na wagonjwa tupo, wengi zaidi ya inavyodhaniwa, tuliofichwa nyuma ya amiba. Kitakachokosekana ni pesa, maana hakuna kampuni itakayotumia mamilioni kupima mbegu ambayo kila mtu anaweza kuikamua na kuiuza. Ndiyo maana hili ni jukumu la umma. Nchi iliyopanga foleni za magari kwenda Samunge, kwa Babu wa Loliondo, mwaka 2011 kwa kikombe cha dawa cha shilingi 500 haiwezi kusema hamu ya kujua haipo.

Utafiti ninaouota si mgumu kuueleza. Wagonjwa waendelee wote na mesalazini. Mafuta yawekwe kwenye kapsuli, kila toleo lipimwe lina thaimokwinoni kiasi gani. Kapsuli za kundi la pili ziwe na mafuta mengine, labda ya alizeti, na zipatiwe harufu kidogo, kwa sababu anayecheua habasoda anajua alichokunywa. Mgonjwa asijue, daktari asijue. Mwanzoni na mwishoni ipimwe kalprotektini kwenye choo, ile protini inayopanda utumbo ukivimba, na kamera iingizwe tena, kwa sababu mtu anaweza kujisikia vizuri huku vidonda vingali wazi. Na matokeo yachapishwe hata yakiwa mabaya.

Kwa madaktari nina ombi moja, na nalitoa kwa uchungu. Daktari wa kwanza niliyemtajia mafuta alinikata hata sijamaliza sentensi: "Achana na hayo mambo ya kienyeji." Hakuuliza ni mafuta gani, kiasi gani, tangu lini. Baada ya hapo niliwaficha madaktari wote kwa zaidi ya mwaka. Habasoda inaweza kushusha sukari na presha, na mwenye kutumia dawa za kuyeyusha damu anapaswa kuwa mwangalifu nayo. Mgonjwa anayeificha anakaa kwenye hatari ambayo swali moja la upole lingeiondoa. Daktari niliye naye sasa aliniambia nije na chupa. Akaisoma lebo, akanusa, akaandika kwenye faili langu chini ya mesalazini: mafuta ya habasoda, kijiko kimoja cha chai, asubuhi.

Naam, bado nakunywa. Mesalazini siachi tena, na mafuta nayanywa nikijua kwamba sijui. Mwezi uliopita mama mkubwa alikuja, nikamweleza habari ya makundi mawili na kapsuli zinazofanana. Alisikiliza yote, mikono ikiwa mapajani.

"Na wewe wakikuita utakwenda?"

"Nitakwenda, mama."

"Na wakikupa ile isiyokuwa na kitu?"

"Nitaimeza, mama. Na nitaandika kwenye daftari."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama watahitaji mbegu za Pangani.